Karani, Chatu wa Ghala Letu

Kijana anayeanza kazi ya ghala akija kwangu kuomba ushauri, huniuliza swali moja la magunia na maswali kumi ya nyoka. Nimejua basi kwamba habari za Karani zilisafiri mbali kuliko habari za kazi yangu. Sina kinyongo. Nitawaeleza kuhusu nyoka, lakini mnivumilie nikianzia kwenye magunia, maana nyoka aliingia kwa mlango huo.

Nilitunza ghala la chama cha wakulima mjini Ruangwa miaka ya tisini yote na sehemu ya miaka ya elfu mbili, mpaka nilipoomba kustaafu kabla ya umri. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vilivyonifikia bila majalada, na mengi zaidi niliyapata kwa kuangalia. Kazi ya ghala ni kuangalia. Unagusa gunia, unanusa, unasikiliza ukutani, unaandika ulichokikuta, na kesho unaanza tena palepale.

Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu. Kati ya lundo na ukuta acha nafasi mtu apite na mabega yake yote mawili. Mwaka wangu wa kwanza niliyabana ukutani ili yaingie mengi, nikajiona nina akili. Masika yalipokwisha, magunia ya nyuma yalikuwa na ukungu hadi katikati, na panya walikuwa wamejenga kijiji mahali mkono wangu usipofika. Mzee Chipola, aliyenifundisha kazi katika maghala ya bati ya Nachingwea kabla sijahamishiwa Ruangwa, alikuja kukagua. Alichoma gunia la ufuta kwa bambo, ile sindano nene ya bati tunayotolea sampuli, akamimina ufuta kiganjani, akanusa, kisha akasikiliza purukushani za panya juu ya dari. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama wapangaji wangu wanalipa kwa mwezi au kwa mwaka.

Nikatumia sumu. Ninyi pia mtaambiwa mtumie sumu, na siku hizi zipo zinazofaa, zenye maelekezo. Ile yangu niliinyunyiza kwa kukisia. Panya walikwenda kufia ndani ya kuta, ghala likanuka mwezi mzima, na kuku watatu wa jirani wakafa pamoja na paka wangu. Jirani nilimwomba radhi. Kwa paka sikuwa na wa kumwomba.

Mzee Chipola mwenyewe hakuhitaji sumu, kwa sababu alikuwa na chatu. Alimwokota wakati wa kufyeka nyuma ya maghala, akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali, akamlea katika kreti karibu na magunia. Jioni alimfungulia, asubuhi alimrudisha. Alimwita Karani kwa kuwa, alivyosema, ndiye mfanyakazi pekee aliyehakiki panya bila kukosea. Alipostaafu alihamia kwa binti yake Nachingwea mjini, na binti akasema nyumba yake haina nafasi ya wastaafu wawili. Kwa hiyo siku moja lori la chumvi lilisimama mbele ya ghala langu, Mzee akashuka na gunia lililofungwa mdomo, akaliweka kivulini taratibu kama mtu anayeweka mayai.

"Nimekuletea msaidizi," akasema. "Haombi likizo, haugui malaria, na haendi harusini."

Nilimpokea. Nataka mjue nilikuwa katika hali gani siku hiyo, maana hali ya mtu ndiyo inayoamua atamtunzaje mnyama.

Mke wangu, Mama Somoe, alikuwa ameondoka miezi miwili kabla, kwenda kwao Naipingo, upande wa Nachingwea, kumuuguza mama yake. Somoe, mtoto wetu wa pekee, alikuwa ameolewa Dar es Salaam. Desturi ya huku kwetu mnaijua: mwanamke na watu wa upande wa mama yake ndio nyumba yenyewe, na mume ndiye anayehamia. Mimi kazi ilinifanya nimtoe kwao nimlete Ruangwa, na mjomba wake aliniruhusu kama mtu anayeazima jembe, akijua siku moja litahitajika kwake. Mama mkwe alipoanguka, lilihitajika. Simlaumu mtu. Lakini kile kilikuwa kipindi ambacho korosho zimekwisha kusafirishwa na ufuta bado uko shambani. Ghala tupu, lori haliji. Nilifagia sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga. Nilisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea. Zilipita siku tatu nzima bila mtu kuniita kwa jina. Katika hali hiyo ndipo Karani alipofika.

Agizo la Mzee lilikuwa fupi. Siku saba usimguse. Mwekee maji, mpe mahali pa kujificha, funga mlango, kaa mbali. Mnyama aliyehamishwa hana haja ya kukujua wewe. Ana haja ya kujua kwamba hapo alipofika hakuna kitakachomla.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilifunua kreti kumwangalia, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne nikampa panya, akala, na mimi nikafurahi kupita kiasi, nikamtoa ili nimpime urefu kwa futikamba. Kabla sijafika mkiani alimtapika yule panya mzima juu ya miguu yangu. Harufu ile sitaieleza. Mzee alipopita tena nilimsimulia.

"Umehamia ugenini," akasema, "umekula, halafu mwenyeji anakunyanyua juu juu akupime. Wewe ungekaa na chakula tumboni?"

Basi shikeni hili. Nyoka akishakula, siku nne au tano asiguswe. Chakula chake kinayeyushwa na joto na utulivu. Ukimwondolea joto au utulivu, chakula anakirudisha. Na akitapika, usikimbilie kumlisha tena. Ngoja wiki mbili, tumbo lipone.

Kosa la pili lilitokana na huruma. Nilimtafutia kreti kubwa, la mashine, nikadhani nafasi ni raha. Akajibana kona moja, kichwa chini ya mwili, hanywi wala hatembei. Nilihesabu siku kumi na moja hivyo. Baadaye niligundua kwamba chatu mdogo hatulii mahali penye nafasi. Hutulia mahali pembamba ambapo mbavu zake zinagusa pande zote mbili na mgongo unagusa juu. Nilichukua chungu kilichopasuka, nikakilaza kifudifudi ndani ya kreti, upande wa mpasuko ukawa mlango. Aliingia kabla sijamaliza kufuta mikono. Mbele ya chungu niliweka beseni la maji zito asiloweza kulipindua. Kreti nililiweka nusu juani asubuhi na nusu kivulini, achague mwenyewe. Nyoka hana moto wa ndani kama wetu. Anautafuta kwa kutembea. Ukimweka mahali pamoja penye joto moja umemfunga kamba usiyoiona.

Aliniuma mara moja tu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshika panya, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaingiza mkono kubadilisha maji. Ulimi wake ulitoka na kuingia haraka, shingo ikajikunja kama herufi ya S. Majirani waliokuwa wakichungulia walidhani ananiapiza. Hakuwa ananiapiza. Ulimi wa nyoka ndio pua yake, na pua ilimwambia kwamba panya amekuja. Shingo ikijikunja hivyo, rudisha mkono polepole. Mimi sikurudisha. Aliponikamata nikavuta, na hilo ndilo kosa lenyewe, maana meno ya chatu yameinama kuelekea kooni, ukivuta unajichana. Usivute. Tulia, sukuma kidogo kuelekea kwake, mmwagie maji ya baridi kichwani, ataachia. Hana sumu, ila kidonda kisafishwe kwa sabuni, meno yake si safi. Tangu siku hiyo nilinawa kwanza, na kabla ya kuingiza mkono nilimgusa ubavuni kwa kijiti chenye ncha ya mviringo. Akishaguswa kwa kijiti alijua kwamba kinachokuja si chakula.

Suala la chakula lilikuwa na siasa yake. Watu wa kwetu wanakula panya wa shambani, na wanawapenda, waliobanikwa wakakauka vizuri. Mama mmoja kutoka Narung'ombe aliyekuwa akileta ufuta aliposikia kwamba ninamlisha nyoka panya, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Aliuliza ni panya wa wapi. Nikamjibu kwa haraka kwamba ni wa ghalani, hawa wa mikia mirefu wanaonuka. Akatulia. Alisema wangekuwa wa shambani angenishtaki kwa mwenyekiti kwa kumpa nyoka kitoweo cha watu.

Kisha macho. Mwezi wa pili macho yake yalifunga ukungu, ya buluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, na ngozi ikapauka. Akakataa kula. Nilidhani amepofuka, nikachemsha maji ya chumvi nimwoshe. Kwa bahati nilikawia. Baada ya siku chache macho yalitakata, na siku ya tano nilikuta ngozi yake imebaki kwenye ubao wa chaga, nzima tangu mdomo hadi mkia, imegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Kumbe katika siku zile haoni vizuri, anaogopa, na hataki kushikwa wala kulishwa. Mwekee maji ya kutosha na kitu cha kukwaruza, kipande cha tofali au gogo, basi.

Nilikaa na Karani miaka kumi na moja. Mwishoni alikuwa mnene kama paja langu, na afisa wanyamapori wa wilaya alikuja na watu wawili wakamchukua kumpeleka porini, akanieleza kwa upole kwamba mnyamapori hawekwi nyumbani bila kibali, na kwamba mimi na Mzee wote tulifanya makosa ya kisheria bila kujua. Kwa hiyo ninayoyaandika si ruhusa. Msiende kuokota chatu. Lakini kama siku moja mtajikuta na mnyama wa namna hiyo mikononi, mkisubiri wenye mamlaka wafike, mjue namna ya kutomuua.

Swali ambalo vijana mnaniuliza zaidi ni kama alinijua. Nililichunguza. Nilivaa shati langu ambalo halijafuliwa, nikakaa upande mmoja, upande wa pili nikamkalisha mlinzi wa ghala ambaye Karani hajawahi kumgusa. Mara sita alikwenda kwa aliyekuwa na joto zaidi. Niliponyeshewa mvua nikaingia nimelowa, alinipita akaenda kwa mlinzi. Nilirudia wiki iliyofuata, ikawa hivyo hivyo. Nilijua jibu tangu mara ya tatu, lakini niliendelea kurudia.

Masika yalipokwisha, Mama Somoe alikuja kwa siku moja kuchukua blanketi na sufuria kubwa. Mama yake alikuwa hajapata nafuu. Sikuwa nimemwambia kuhusu Karani. Katika barua niliandika tu kwamba panya wamepungua. Alipita ghalani kunitafuta, akaona kreti, akaona chungu, akaona kilichokuwa ndani ya chungu. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uani, akaketi kwenye kinu.

"Baba Somoe," akasema, "mimi nikirudi, huyo atakaa wapi?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba chatu hana sumu, kwamba anakula mara moja kwa siku kumi, kwamba ulimi ni pua, kwamba macho yakiwa meupe hivi maana yake ni hivi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sijamjibu.

"Sijakuuliza anakula nini. Mama akipata nafuu nitarudi. Nikifika nataka nijue mguu wangu ninauweka wapi. Hilo tafuta jibu."

Nililitafuta. Niliamua kujenga banda la tofali uani, mbali na vyumba vyetu viwili, lenye mlango wa mbao na kufuli, ufunguo ukae kwake. Nilikata miti, nikafyatua tofali. Nilikuwa na hakika kwamba banda likisimama na mama mkwe akisimama, mke wangu atarudi, na ugali wa watu wawili utaliwa na watu wawili.

Ikaja Juni na upepo wake wa baridi. Nikafanya kosa ambalo nadhani mtu wa mkoa mwingine hawezi kulifanya, maana hana maganda ya korosho.

Maganda ya korosho yanawaka kuliko kuni yoyote. Yana mafuta yao, moto ni mkali na unakaa. Ninyi nyote mmewaona mama zenu wakikaanga korosho: wanakaa nje, wanasimama upande ambao upepo unatokea, wanafunika pua kwa kanga, na ngozi ya mikono inababuka hata hivyo. Moshi ule ni mkali, unakula. Mimi niliujua kama mnavyoujua ninyi. Lakini nilikuwa na gunia zima la maganda, na Karani alikuwa amepoa, hatoki chunguni. Nikajiambia kwamba moshi mbaya ni wa mwanzo, yakishakuwa makaa hayana neno. Niliyawasha nje kwenye jiko, nikangoja mwali ushuke, nikaliingiza jiko katika chumba kidogo cha stoo alimokuwa Karani, nikafunga mlango ili joto lisipotee. Nilifanya hivyo jioni nne.

Asubuhi ya tano alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeangalia dari. Pembeni mwa mdomo palikuwa na povu. Akivuta pumzi ilisikika sauti nyembamba kama birika kabla halijachemka. Nyoka mzima hakai mdomo wazi. Mkiona hivyo, jueni ni pafu.

Afisa mifugo wa kata alikuwa kijana mchangamfu, mtu wa Masasi. Nilipofungua gunia juu ya meza yake alisogeza kiti nyuma.

"Mzee," akasema, "huyu ng'ombe wako nimchome paja lipi?"

Lakini alikuwa mtu wa kazi. Alimpima kwenye mizani ya kuku, akaniambia wazi kwamba kipimo cha dawa ya nyoka hakijui, atakikadiria kwa uzito, kidogo kuliko kuku, sindano moja kila baada ya siku moja, kwa majuma mawili. Alinionyesha pa kuchoma, kwenye nyama ya kando ya uti wa mgongo, sehemu ya mbele ya mwili, sindano ikipita chini ya gamba. Yeye alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kuchanja mbuzi vijijini. Kwa hiyo mchomaji nilikuwa mimi. Joto nililileta kwa mtungi wa maji moto uliofungwa gunia, nikibadilisha maji kila yanapopoa. Nililala kwenye chumba kile. Kuhesabu pumzi za nyoka ni kazi ndefu. Anapumua mara moja, halafu unangoja mpaka unadhani basi.

Siku iliyofuata sindano ya tatu, mchana, dereva wa lori la Nachingwea alisimama akaniita nje. Alikuwa ametumwa na mjomba wa mke wangu. Mama mkwe alifariki alfajiri. Mazishi ni alasiri hiyo hiyo.

Nilitazama jua. Ilikuwa imepita saa nane. Lori lile lilikuwa linakwenda Nandagala kushusha mzigo, lirudi jioni. Nilipiga hesabu kama nilivyozoea. Kaburini sitawahi kwa njia yoyote. Matanga ni siku tatu. Sindano ni kesho, mtungi haukai bila moto zaidi ya saa chache, na mlinzi wa ghala wa wakati huo hakubali hata kupita mlangoni. Nikienda, Karani anakufa. Nisipoenda, aliyekufa haongezeki. Nikaandika barua, mwandiko mzuri, maneno ya kumwombea marehemu na ya kuwapa pole wote kwa majina. Dereva alipopita akirudi nilimkabidhi pamoja na mfuko wa unga na sukari. Niliahidi kwamba nitafika mara tu jambo moja la kikazi likikamilika.

Nimeisoma hesabu ile mara nyingi tangu wakati huo. Hakuna mstari uliokosewa.

Siku ya tano baada ya mazishi Mzee Chipola alikuja. Hakuingia kumwona Karani. Alikaa kwenye kinu uani.

"Nilisikia pale sokoni Nachingwea, nikapanda baiskeli ya mjukuu mpaka mazishini," akasema. "Mkwe anatazamwa, unajua. Nani ameshika jembe, nani amechota maji, nani amelala kwenye mkeka na wanaume. Waliuliza mkwe yuko wapi. Nikashika jembe mimi."

Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka sabini. Nilimwambia nyoka ni mgonjwa, nilimwambia kuhusu sindano.

"Nyoka nilikupa mimi," akasema. "Ningejua unamchukua badala ya watu, ningemwachia pori."

Hakukasirika zaidi ya hapo. Alikunywa maji, akaniuliza kama povu limekauka, nikasema limekauka, akatikisa kichwa akaondoka. Hatukugombana. Ila hakupita tena Ruangwa, na mimi sikwenda kwa binti yake.

Karani alifunga mdomo wiki ya tatu. Sauti ya birika iliisha. Lakini hakula, na mnyama aliyeugua hajapona mpaka ale. Nilimwekea panya, nikatoka, nikarudi, panya yuko vilevile. Wakati huo nilimaliza banda. Ukuta ulisimama, mlango ukakaza, kufuli likakubali. Nilipaka chokaa nje, ionekane kutoka barabarani. Siku moja kabla ya arobaini ya mama mkwe, Karani alimchukua panya mmoja, mkubwa, akamzunguka mara mbili, akammeza polepole. Nilisimama mlangoni nikiangalia mpaka mkia ulipoingia. Kesho yake nilipanda lori kwenda Naipingo nikiwa na furaha, na niliiona furaha hiyo kuwa habari njema ninayowapelekea.

Walinipokea vizuri. Mjomba alinisalimu, akaniuliza safari, akaniuliza ufuta wa Ruangwa. Dua ilisomwa, nikaitikia pamoja na wengine. Wakati wa chakula wanaume wa nyumba walikaa kwenye mkeka mmoja, wakazunguka sinia moja. Mimi nililetewa sahani yangu peke yangu, safi, yenye nyama nzuri, kwenye kiti kilichowekwa kivulini. Mgeni ndiye anayepewa hivyo. Nililiona lile sinia, mikono mitano ikiingia na kutoka, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Mama Somoe alikuja kuondoa sahani. Alikuwa amekonda. Alikaa kidogo kwenye kizingiti cha mlango, umbali wa kusikilizana.

Nikamweleza kuhusu banda. Tofali, mlango, kufuli, hatua ishirini na mbili kutoka kizingiti chetu, nimezipima mwenyewe, ufunguo huu hapa. Nikautoa mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile kwenye kinu.

"Mama aliuliza mara mbili kama umefika," akasema. "Alikuwa hawezi kufungua macho tena. Nilimwambia uko njiani."

Ufunguo ulikuwa kiganjani mwangu, yeye hakuutazama. Akina mama walikuwa wanamwita jikoni. Alinyanyuka, akachukua sahani, akasimama.

"Alikula?" akauliza.

"Nani?"

"Karani wako."

"Alikula. Jana."

"Basi amepona," akasema. "Lori la Ruangwa linapita kabla ya magharibi. Usilikose, atahitaji maji."